Kiangazi kwa macho, masika kwa antena: burudani ya anga na redio Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu saa sita mchana, Jua lilionekana kama pete juu ya Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Mwezi ulipita katikati yake, lakini siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na Dunia, kwa hiyo haukutosha kulifunika Jua lote. Watu walifurika kutoka vijijini, mashuleni na mikoani, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza wananchi mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa waliolitangaza na kulifafanua tukio lile. Pete nyingine itapita Tanzania tarehe 21 Mei 2031.

Kati ya pete moja na nyingine ni karibu miaka 15, na ninachotaka kueleza ni tunachoweza kufanya katikati hapo. Msimamo wangu ni kwamba Nyanda za Juu Kusini zina kila kinachohitajika ili watu wa kawaida wafurahie anga mwaka mzima, mradi tusiitenganishe darubini na redio. Wengi huziona kama burudani mbili zisizohusiana: huyu anatazama nyota, yule amefunga antena juu ya bati. Kwa hali ya hewa yetu, ya mvua ndefu kuanzia Novemba hadi Aprili na ukame kuanzia Mei hadi Oktoba, ni burudani moja yenye misimu miwili.

Tuanze na kiangazi, maana ndicho kinachowavuta watu kwanza. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyo juu ya kichwa chako inavyopungua, na wakati wa kipupwe hewa hiyo huwa kavu, kwa hiyo mwanga wa nyota hautawanyiki sana kabla ya kukufikia. Ukitoka Uyole, pembeni mwa Mbeya, ukaziacha taa za mji nyuma, dakika chache tu zinatosha kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, imelala juu ya milima.

Mahali tulipo kwenye ramani napo panatubeba. Tuko nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga lote linapita mbele yetu, la kusini na la kaskazini. Mtu wa London haoni kamwe kundi la nyota la Msalaba wa Kusini. Mtu wa Cape Town hawezi kumwona Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, akiwa mzima. Aliyeko Mbeya, jioni za Aprili na Mei, akigeukia kusini anauona Msalaba, akigeukia kaskazini anamwona Dubu akiwa chini karibu na upeo. Kisha inapofika Julai na Agosti, kati ya saa tatu na saa tano usiku, kitovu cha Njia Nyeupe kinapita karibu na utosi, nyuzi 20 tu upande wa kusini. Wazungu hufunga safari hadi nchi za kusini kukiona kikiwa juu namna hiyo. Sisi tunatoka nje ya nyumba na koti.

Kuna jambo dogo la saa ambalo huwachanganya waandaaji. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, nasi tuko karibu 33.5. Matokeo yake ni kwamba Jua la Mbeya linafika katikati ya anga kwa wastani saa 6:46 mchana, na linazama kama dakika 23 baada ya kuzama Dar es Salaam, ukiacha tofauti ndogo za msimu. Ukiwaalika watu kwa ratiba uliyoichukua kwenye taarifa ya Dar, watafika wakati anga bado jeupe. Mwezi Juni panga saa mbili usiku. Giza litakuwa limekamilika. Na usisubiri Septemba au Oktoba kama unataka anga safi, kwa sababu moshi wa kuchoma mashamba na misitu huwa umeshatanda.

Sasa, jioni yenyewe ya kuwatazamisha watu. Darubini moja inatosha. Ya kioo cha milimita 70 ikikuza mara 50 inaonyesha mashimo ya Mwezi, miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupiter), na pete za sayari ya Zohali (Saturn) kwa miaka ambayo zimeinama kuelekea kwetu. Anza na Mwezi wa siku saba au nane. Mwezi mpevu huvutia kwa macho matupu, lakini kwenye darubini unakuwa bapa, kwa sababu Jua linaupiga usoni na hakuna vivuli. Mwezi wa nusu una mstari unaotenga mwanga na giza, na kandokando ya mstari huo kila shimo lina kivuli chake. Hapo ndipo mtu anaposhtuka na kurudi nyuma kidogo, kisha anainama tena kuangalia.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni mikono. Mtu akisogeza jicho hushika darubini bila kukusudia, na sayari inapotea. Weka kiti mbele ya darubini, mwambie kila anayekuja ashike mgongo wa kiti. Kwa watoto kiti hicho hicho kinakuwa ngazi. Wazee wapishwe mbele kwenye foleni, na mwenye miwani asilazimishwe kuivua. Tochi ya simu ifunikwe kwa mfuko mwekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauyasumbui sana macho yaliyokwisha kuzoea giza. Na umande! Baridi ya Juni hulowesha kioo cha mbele ndani ya saa moja. Mrija wa karatasi ngumu uliozungushwa mbele ya darubini husaidia kuchelewesha.

Tatizo la pili ni fursa nzuri ya kufundisha. Kila baada ya dakika mbili tatu sayari hutoka pembeni mwa kioo, na mtu anasema, “Mwalimu, imekimbia.” Muulize ni nani aliyekimbia. Mwache aitazame ikihama mwenyewe, bila kuigusa darubini, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Anachokiona kwa jicho lake ni Dunia inavyojizungusha. Mwanafunzi aliyekariri kwamba Dunia inajizungusha kwa saa 24 analiona jambo hilo likitendeka mbele yake, na hahitaji maelezo zaidi.

Katika mikutano hii wenyeji nao wana cha kusema, tena tuwasikilize kabla ya kuanza kuwafundisha. Wakulima wamekitumia Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, kama kalenda kwa vizazi, na methali inasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukiifuatilia hapa kwetu, nusu ya pili inasimama sawasawa. Kilimia kinamezwa na mwanga wa jioni kuelekea Mei, mvua zinapokatika, na kinajitokeza tena alfajiri za Juni, kiangazi kikiwa kimeshika. Novemba, mvua zinapokaribia, kinachomoza upande wa mashariki Jua linapozama magharibi. Mzee anayejua hayo ni mtaalamu wa nyota wa kijiji chake, na apewe nafasi ya kuzungumza.

Jirani zetu wa mkoa wa Songwe wana kitu ambacho hakuna darubini inayoweza kukileta karibu kiasi hicho. Kimondo cha Mbozi, karibu na kijiji cha Ndolezi, kinakadiriwa kuwa na tani 16, urefu kama mita tatu, na karibu asilimia 90 yake ni chuma, kilichobaki kikiwa zaidi nikeli. Peleka darasa pale na sumaku ya spika mbovu. Sumaku inanasa. Mtoto anayeishika sumaku ile amegusa anga kwa mkono wake.

Kisha mvua zinakuja, na ndipo vikundi vingi hufa. Novemba mawingu yanashuka hadi kwenye migomba ya Tukuyu, darubini zinafungwa kwenye mifuko, watu wanaahidiana kukutana Mei. Hapo ndipo redio inapoingia.

Ili hili lieleweke, tuliweke wazi jambo moja la fizikia ambalo vitabu hulipitia haraka. Mwanga na mawimbi ya redio ni kitu kimoja. Vyote ni mawimbi ya sumakuumeme, vyote vinasafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na tofauti yake ni urefu wa wimbi. Wimbi la mwanga ni fupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo vitone vya maji vya wingu vinalitawanya kila upande na nyota inapotea. Wimbi la redio la mita mbili ni kubwa kuliko kitone kwa kiasi kwamba linapita kana kwamba wingu halipo. Mwenye king'amuzi cha ungo analijua hili kwa njia ya machungu: mvua kubwa ikinyesha picha inakatika. Mawimbi ya ungo ule yana urefu wa sentimita mbili au tatu, yanakaribia ukubwa wa matone, ndiyo maana yanadhoofika. Ya mita mbili hayatikisiki.

Kwa hiyo anga halijafungwa wakati wa masika. Limefungwa kwa macho tu.

Mtu wa kwanza kulisikia alikuwa mhandisi wa simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Karl Jansky alikuwa akitafuta chanzo cha mikwaruzo iliyosumbua mawasiliano ya redio kuvuka Atlantiki. Kwa antena ya masafa ya megahezi 20.5 alitenganisha mikwaruzo ya radi na mvumo mwingine usiobadilika, na mwaka 1933 akatangaza kuwa mvumo huo unatoka upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, kile kile kinachopita juu ya vichwa vyetu Julai. Aliyefuatia ni Grote Reber, mwanaredio wa ridhaa wa Marekani, yaani mtu anayefanya mambo ya redio kwa kupenda tu, si kwa biashara. Mwaka 1937 alijenga ungo wa kipenyo cha zaidi ya mita 9 kwenye uwanja wa nyumba yake huko Wheaton, Illinois, kisha akachora ramani ya anga kwa redio. Kwa miaka kadhaa alikuwa karibu peke yake duniani katika kazi hiyo. Ninamtaja kwa makusudi: elimu ya anga kwa redio iliendelezwa na mtu wa ridhaa, nyumbani kwake.

Kwa anayeanza, kitu cha karibu zaidi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kinaizunguka Dunia kwa dakika kama 92, kimo cha kilomita 400 hivi, na kina redio ya ridhaa ambayo hutumia megahezi 145.800 kutuma sauti au picha kwa wanaosikiliza ardhini. Waya wa umeme wenye mikono miwili ya sentimita 49, uliofungwa kwenye bomba la plastiki, ni antena inayotosha. Kipokezi kinaweza kuwa redio ya mkononi au kile kipokezi kidogo cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta, RTL-SDR, ambacho asili yake ni kwa ajili ya runinga. Kituo kinapoibuka upande wa magharibi sauti inasikika juu kidogo ya masafa yake, karibu 145.803. Kikiwa kinakukaribia mawimbi yanabanwa. Kinapokuacha yanatanuka, na mwishoni unakifuata hadi 145.797. Kidato cha Nne wanasoma mawimbi ubaoni. Hapa wanafunzi wanalazimika kuzungusha kitufe ili wasikipoteze, na baada ya dakika kama kumi kimekwisha kuzama. Shule zikijipanga mapema zinaweza hata kuomba, kupitia mpango wa kimataifa wa ARISS, nafasi ya wanafunzi kuzungumza moja kwa moja na mwanaanga aliyeko huko juu.

Vimondo navyo vinasikika. Kimondo kinapoungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 100 kinaacha mstari wa hewa iliyochajiwa umeme, na mstari huo unaakisi mawimbi kwa sekunde moja au chini yake. Chukua redio ya FM, nenda mahali ambapo stesheni za mjini hazishiki vizuri, tafuta nafasi tupu chini ya megahezi 95, kisha sikiliza kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri. Unasikia ukimya wenye mvumo, halafu ghafla kipande cha wimbo au nusu ya neno, kisha ukimya tena. Inaweza kuwa stesheni ya Lusaka au Nairobi, kila moja ikiwa mbali kama kilomita 900. Kwa kawaida mawimbi ya FM hayafiki mbali hivyo, kwa hiyo unajua ni kimondo kilichoyaakisi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, mvua ikinyesha Mbeya nzima, vimondo vya Geminid huwa vingi, na kikundi kinaweza kukaa sebuleni na chai ya tangawizi kikivihesabu kwa kalamu.

Mshtarii nao hupiga kelele. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin waligundua kuwa sayari hiyo inatoa milipuko ya redio kwenye megahezi 22.2, na mwezi wake Io una mkono katika milipuko hiyo. Kwa redio ya masafa mafupi na waya wa mita saba unaweza kujaribu, ingawa lazima niseme ukweli kwamba wakati wa masika radi za karibu huumeza mlio ule. Hii iachie kiangazi, na uisikilize usiku Mshtarii ukiwa angani.

Kwa mafundi wa madishi wa mtaani, ambao tunawaacha nje ya mazungumzo haya bila sababu, kuna setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018. Ndani yake kuna QO-100, mtambo wa kwanza wa redio ya ridhaa katika mzunguko wa kusimama mahali pamoja juu ya ikweta. Imesimama karibu longitudo 26 mashariki. Kwa mtu wa Mbeya iko juu sana, nyuzi kama 76 kutoka upeo, upande wa kaskazini magharibi, na haizami. Dishi la kawaida la runinga, LNB ya kawaida (kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi) na kipokezi cha USB vinatosha kusikia watu wa Afrika, Ulaya na Asia wakizungumza karibu na gigahezi 10.49. Fundi anayeelekeza madishi ya mtaa mzima anaweza kulielekeza hili ndani ya saa moja, na siku hiyo yeye ndiye mwalimu.

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, nao unahusu sheria. Yote niliyoyaeleza hadi sasa ni kusikiliza. Kutuma mawimbi ni jambo jingine kabisa. Anayetaka kuzungumza kwenye masafa ya ridhaa anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na anapewa ishara ya wito inayoanza na 5H, ili yeyote duniani anayemsikia ajue yuko Tanzania. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya mjini, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri kwenda kuuliza. Leseni hii haimruhusu mtu kutangaza wala kufanya biashara; ni kwa ajili ya kujifunza, kujaribu mitambo na kuwasiliana na wenzake.

Simu za upepo za bei nafuu zinazouzwa mitandaoni zinahitaji uangalifu wa pekee. Nyingi zinaweza kutuma kwenye masafa ya polisi au ya hifadhi bila kukuonya. Kijana anabonyeza kitufe kwa majaribio na anaweza kuziba mawasiliano ya mtu aliye kazini. Katika kikundi, iwe kanuni ya kwanza: asiye na leseni asiguse kitufe cha kutuma, hata kwa mzaha. Ukiwa na shaka, kitoe chombo mezani, tumia kipokezi cha USB ambacho hakina uwezo wa kutuma chochote.

Kwa nini basi mtu ahangaike na leseni wakati kuna simu? Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Masafa mafupi hayategemei nyaya hizo. Mawimbi ya megahezi 7 au 14 yanapanda hadi tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, yanakunjwa na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbele, kwa nguvu ya betri ya gari na waya uliofungwa kati ya miti miwili. Katika mikoa yenye milima na mabonde kama yetu, kuwa na watu wachache katika kila wilaya wanaojua kufanya hivyo ni akiba ya maana, na hawatapatikana kama hakuna mahali wanapoanza kwa kufurahia.

Mahali pa kuanzia ni shuleni, na siyo lazima kununua kitu. Karibu tarehe 26 Februari na 16 Oktoba kila mwaka Jua linapita utosini mwa Mbeya. Kijiti kilichosimamishwa wima kwa timazi hakina kivuli kwa dakika chache, karibu saa saba kamili mchana Februari na karibu saa 6:32 Oktoba. Iringa nao wana siku zao, mwisho kabisa wa Februari na tarehe 13 Oktoba. Oktoba mara nyingi anga huwa wazi kuliko Februari, kwa hiyo ianze hiyo.

Tafuteni shule rafiki jijini Mwanza, kwa sababu Mwanza na Mbeya ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo adhuhuri yao inapishana na yetu kwa dakika mbili hivi. Siku ambayo kijiti cha Mbeya hakina kivuli, cha Mwanza cha mita moja kitakuwa na kivuli cha sentimita 11 hivi. Wapigieni simu, au kama mwalimu wa kila upande ana leseni, waitane kwa redio. Kivuli hicho kinatoa pembe ya nyuzi 6.4. Umbali wa kaskazini-kusini kati ya miji hiyo ni kama kilomita 710. Gawanya 360 kwa 6.4, zidisha kwa 710, na mzunguko wa Dunia unakuja karibu kilomita 40,000. Eratosthenes aliupima kwa njia hiyo hiyo huko Misri miaka kama 2,200 iliyopita. Wanafunzi wa shule ya Iyunga, hapa Mbeya, wanaweza kuupima kabla ya chakula cha mchana.